Kipimo cha Nanga ya Saba

Siku tisa kabla ya mtihani wa taifa, mwanafunzi wa kidato cha nne ukimsalimia anakujibu kwa fomula. Ndivyo walivyokuwa wangu asubuhi ile. Nilikuwa nikifanya marudio ya fizikia na jiografia kwa mkupuo mmoja, maana Shule ya Sekondari Endahoro ina mwalimu mmoja wa masomo hayo mawili. Mwalimu huyo ni mimi, Veneranda Tluway, mwaka wa ishirini na sita kazini.

"Kanuni ya kwanza!" nikaita.

"Kitu kilichotulia hubaki kimetulia," darasa likaitikia kwa sauti moja, "na kinachokwenda huendelea kwa mwendo ule ule, mpaka kani ya nje ikiguse!"

"Ya pili!"

"Kani ni tungamo mara mchapuko!"

"Ya tatu!"

"Kila kani ina mjibizo ulio sawa nayo, wa upande wa kinyume!"

Wanapaza sauti vizuri sana, watoto wangu. Kuelewa ni habari nyingine. Nikawavusha kwenye jiografia kabla hawajapoa.

"Bamba la Nubia linakwenda wapi?"

"Magharibi!"

"La Somalia?"

"Mashariki!"

"Na sisi tuko wapi?"

"Katikati!" Wakacheka, kama kila kidato cha nne kinavyocheka hapo. Kwao ni mzaha. Hawakuwepo mwaka ule Bonde lilipotikisika na kijiji cha zamani kikafukiwa na mawe ya ukuta wa bonde. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na umri wa miaka saba na nilimpoteza baba yangu. Siku hizi watoto wanazaliwa wamezikuta Kano, wakadhani ardhi imetulia kwa tabia yake.

Nikamwinua mmoja aeleze Kano ni nini, akaeleza kama kitabu: ni nyuzi tisa, kila mmoja mnene kama pipa, zilizopitishwa chini ya bonde kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule. Zinayavuta mabamba yasiachane kwa kishindo, na kuyaachia kidogo kidogo, milimita sita kwa mwaka. Kila uzi umefungwa kwenye nanga iliyochimbiwa mwambani, na ulimi wa nanga ukitoka milimita arobaini, umeachia. Juu ya kila nanga kuna kijiji chenye shule, ambayo ndiyo kituo chake. Wanafunzi hushuka kisimani hadi kwenye nanga kila asubuhi, wanasoma kipimo, na tarakimu inatumwa kwa Mizani, mtambo wa kupiga hesabu.

"Na Mizani inafanya nini?"

"Inagawa mzigo, Mwalimu. Nanga ikilegea inapunguziwa, na mzigo unahamia kwa jirani aliye imara."

"Inajuaje jirani yupi ni imara?"

"Inasoma tarakimu zake."

"Kaa. Maksi zote."

Hapo ndipo Restituta Sulle aliposimama. Huyu ni kiranja wa kipimo, msichana mrefu ambaye haimbi kanuni na wenzake. Midomo yake huwa inachelewa, kana kwamba anahakiki kwanza.

"Mwalimu, kitu kikiongeza mwendo, si lazima iwepo kani ambayo haijasawazishwa?"

"Lazima."

"Basi nanga yetu inayo."

Darasa likacheka. Yeye akaja mbele na daftari lake bila kuitwa, akachukua chaki, akaandika ubaoni: 2, 2, 3, 4, 6, 8, 11, 15, 20. Kisha akaongeza: *leo alfajiri, 27*.

"Ni milimita," akasema. "Siku kumi."

"Umezitoa wapi hizi?" Sauti yangu ilipanda, nakiri. "Daftari la kituo linasema moja nukta nne."

"La kituo ni lile tunaloandika ofisini, Mwalimu. Hizi nimezisoma chini."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyeuliza maana yake nini, kwa sababu wote walijua.

Niseme wazi, maana hakuna mwingine wa kuyasema haya. Kisima kile kina ngazi tisini na mbili, na masika hujaa maji hadi kiunoni. Miaka kumi na mmoja iliyopita, wiki moja ya mvua kubwa, watoto hawakushuka. Mimi mwenyewe nikaandika tarakimu ya wiki iliyotangulia, nikibadilisha ya mwisho tu, mara juu, mara chini, ili ionekane hai. Hakuna aliyegundua. Mwisho wa mwaka tukapewa cheti cha Kituo Tulivu, wazazi wakanikabidhi debe la maharage, na kijiji chote kikalala usingizi. Kituo kinachosoma zaidi ya milimita tatu hufungwa na watu wake kuhamishiwa nyanda za chini, kwenye chumvi na mbu. Kwa hiyo hata mvua zilipoisha hatukushuka tena. Tulikuwa tunapika majibu, kama tunavyopika kwenye jaribio la timazi pale jibu linapokataa kufanana na la kitabu.

Tena sikuishia hapo. Kwenye semina ya walimu wa sayansi wa vituo vyote tisa, wakati wa chai, niliwafundisha na wenzangu. Niliwaonyesha kwenye karatasi ya maandazi jinsi ya kubadilisha tarakimu ya mwisho. Walicheka, wakanishukuru.

"Tufuate kanuni, Mwalimu," Restituta alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Nimechora mstari wake. Unagonga arobaini kabla ya kesho."

* * *

Niliwaachia darasa zoezi la kurasa tatu, nikashuka kisimani na Restituta akinimulikia. Magoti yalilia kila ngazi. Chini kulikuwa na ubaridi wa jiwe, na sauti ambayo sikuikumbuka: mvumo wa chini sana, ulionigusa menoni kabla ya masikio.

"Mvumo huu ulikuwepo jana?" nikauliza.

"Ulikuwa mdogo."

Nanga ya Saba, ndiyo yetu, imeujaza ukuta mzima, chuma cheusi kipana kuliko mlango wa kanisa. Ubavuni mwake pana kipimo: sindano moja, uso wa kioo, namba sifuri hadi arobaini. Nilifuta kioo kwa mkono wa blauzi. Sindano ilikuwa thelathini na moja.

Nilisubiri nione kama ni macho. Ilisogea mbele yangu. Mtu aliyezoea kusahihisha mitihani hushangaa sana akiliona jibu lenyewe likitembea. Nilishikwa na hofu ya kitoto kabisa, ile ya kutaka kumwita mama, na mama yangu anaishi kijijini, chini ya ukuta ule ule wa mawe. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi na hatembei.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Nilikwambia, Mwalimu. Wiki iliyopita. Ulisema nirudie kusoma, nimekosea."

Nilikuwa nimesema hivyo, na nilikuwa nimesahau.

Akatoa penseli, akaandika saa na tarakimu, akapiga hesabu juu ya goti. "Saa nne na robo," akasema. "Labda na dakika ishirini. Siyo zaidi."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na tano.

"Tutume tarakimu ya kweli sasa hivi," akasema. "Mizani ituondolee mzigo."

"Iupeleke wapi?"

Ni mwepisi wa kufikiri. Nilimwona akilifikia jibu mwenyewe. Nanga ya Sita ilikuwa kwenye matengenezo tangu mwezi uliopita, haipokei kitu. Iliyobaki jirani ni ya Nane, Gidabaro. Mizani ingeisoma Gidabaro, ikaikuta tulivu miaka kumi na mmoja mfululizo, na ndani ya dakika chache ingeitwika mzigo wote wa kwetu.

"Na wao wanapika?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," nikasema.

* * *

Kila kituo kina simu ya waya, moja ofisini na moja chini kisimani, kwa sababu mitandao hukatika ardhi ikicheza. Nilipiga kutoka ofisini. Aliyepokea ni Gwandu Lohay, mwalimu wa fizikia wa Gidabaro. Nilimfundisha tangu kidato cha kwanza, na bado hunisalimia kama amechelewa kipindi.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Gwandu, shuka kisimani sasa hivi unisomee kipimo chako. Cha kweli."

"Mwalimu, kile kisima tulikifunika kwa zege. Mbuzi wa mkuu wa shule alitumbukia."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Nilimweleza yote, bila kupamba. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Alikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili katika jengo moja la ghorofa mbili, lililojengwa moja kwa moja juu ya nanga, ng'ambo ya uwanja kutoka ofisini kwake, wote wakifanya mtihani wa majaribio.

"Vunja zege," nikasema. "Chukua nyundo, shuka, nipigie ukiwa chini. Nanga yako ikiwa imara kweli, nitatuma tarakimu yangu na sote tutapona. Ikiwa imelegea, nikituma, nitakuwa nimekuangushia jengo na watoto wako ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Nikampigia pia afisa wa zamu wa Kano, mjini. Kijana mwenye adabu. Alisema kuizuia Mizani isihamishe mzigo kunahitaji kipimo cha hatari kutoka vituo vyote viwili, na kwamba ungamo langu la simu siyo kipimo. "Mama, mtambo hausomi majuto," alisema. Hakuwa na kejeli, alikuwa anaogopa kama mimi. Akaahidi kutafuta wakubwa wake.

Restituta alikuwa ameshapiga kengele bila kuniuliza. Wanafunzi wetu walitoka uwanjani, kisha vijana wa kidato cha nne wakateremka kijijini kuwatoa watu, wakiwabeba wasiojiweza juu ya madawati. Nilitamani kwenda na wale waliokwenda nyumbani kwetu. Lakini simu ilikuwa hapa.

Ikalia baada ya dakika kumi na moja.

"Moja nukta tatu, Mwalimu!" Gwandu alikuwa anahema. "Iko imara! Tuma!"

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kishikwambi cha kutuma tarakimu. Kisha nikaiangalia simu. Ina taa mbili: nyekundu huwaka mtu akipiga kutoka kisimani, kijani akipiga kutoka ofisini.

Ilikuwa inawaka kijani.

"Uko wapi, Gwandu?"

"Niko chini, Mwalimu."

"Mwanangu. Uko wapi?"

Alianza kulia. Mwanaume wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto. "Zege halivunjiki," akasema. "Nimepiga, nimepiga. Nikaona muda unakwisha. Nikajua ni jibu gani unalitaka."

Sikumkemea. Ningemkemea kwa mdomo gani? Nimewahi kumpa maksi kumi kwa kumi kwa jibu la namna hiyo hiyo.

"Sikiliza," nikasema. "Kipimo chako hatutakijua tena. Toa watoto wote nje, mbali na jengo, mpaka wa mwisho. Mimi nashuka chini kuitazama sindano yangu. Ukiwa nao wote uwanjani, niambie, ndipo nitume. Jengo likianguka, lianguke tupu."

"Na nanga yako ikiachia kabla?"

"Basi toa watoto upesi."

* * *

Nilishuka peke yangu. Restituta alitaka kunifuata, nikamwambia akikanyaga ngazi ya kwanza nitamfukuza shule. Alibaki mdomoni mwa kisima na daftari lake. Nikawa nampigia kelele tarakimu kutoka chini, naye akipiga hesabu juu.

"Thelathini na sita!"

"Kijijini wamebaki watano," aliniitikia baada ya muda, sauti ikipinda ndani ya kisima. "Wagonjwa wanne wa zahanati. Na bibi, mama yako. Mlango wake umekwama, nyumba imekaa upande. Wanauvunja."

Nilitaka kuuliza mlango upi, wa mbele au wa uani, kana kwamba ingesaidia. Ukuta ulidondosha vumbi begani kwangu. Mvumo ulikuwa umeshakuwa sauti kamili. Niliandika 36 kwenye kishikwambi, nikaifuta, nikaandika 37. Kidole kikabaki juu ya kitufe. Ningebonyeza tu, mzigo ungehama, na ukuta wa mawe ulio juu ya mama yangu ungepata nafuu saa ile ile.

Simu ya kisimani ikalia.

"Wote wametoka, Mwalimu," akasema Gwandu. "Mia nne na kumi na wawili. Nimewahesabu."

Mia nne na kumi na wawili kamili. Ndiyo idadi iliyoko kwenye rejista. Nilisimama pale na simu sikioni, nikagundua kwamba simwamini mtu niliyemlea, na kwamba kutomwamini huko nimekupanda mwenyewe, nikakumwagilia kwa miaka kumi na mmoja.

"Ita majina," nikasema.

"Mwalimu, muda..."

"Nyosha simu dirishani, ita majina, kila mmoja aitike nisikie. Walio na ndugu wasiitikie kwa niaba yao. Ita mbio."

Akaita. Sijawahi kusikia rejista ikisomwa namna ile, jina juu ya jina bila pumzi, na sauti ndogo za mbali zikirudi: nipo, nipo, nipo. Kidato cha nne chote. Kidato cha tatu chote. Wengine walikuwa wanalia. Sindano ilivuka thelathini na saba wakati wa kidato cha pili. Nilijiambia wametoka, ni wazi wametoka, unatafuta nini zaidi?

"Apolinari Gidahosh."

Nipo.

"Debora Amsi."

Nipo.

"Yustina Naman."

Hakuna kitu.

"Yustina Naman!" Gwandu aliita tena, na nikamsikia akigeuka kuwauliza wenzake. Watoto wakasema maneno mengi kwa pamoja. Kisha akarudi kwenye simu. Angeweza kusema yupo. Alikuwa mbali na mimi kilomita thelathini na hakuna taa ya kumwumbua.

"Mwalimu, hayupo," akasema. "Ana homa. Walimwacha amelala chumba cha juu."

"Restituta!" nikaita. "Thelathini na nane na nusu! Tuna dakika ngapi?"

Penseli haikuchukua muda. "Nne, Mwalimu." Akasita. "Siyo tano."

"Na Mama?"

"Bado wanavunja mlango."

Nilimwambia Gwandu dakika nne, siyo tano, apande. Nilisikia simu ikigonga sakafu ya ofisi yake, na viatu vikikimbia. Nikaondoa kidole kwenye kitufe, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, nikaitazama sindano, simu sikioni, nikisubiri aniambie Yustina ametoka.